Kinanda cha Athumani Katika Filamu ya Ndui

Siku mliyoniaga pale ofisini nilipostaafu, baada ya hotuba na kabla soda hazijaisha, mmoja wenu alikuwa akiwaeleza wenzake habari za kipindi chenu kipya. Alisema picha zimetoka vibaya na hadithi haishikiki, lakini hakuna wasiwasi. "Tutaweka muziki mzuri, utaokoa." Kisha akanigeukia. "Au siyo, mzee?" Nilikuwa na kipande cha keki mdomoni. Nikatikisa kichwa, na kila mtu akaelewa alivyotaka mwenyewe.

Nimekaa nyumbani miezi mitatu sasa na swali lile bado linanisumbua. Kwa hiyo naandika. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Ziko kwenye jalada langu, na jalada langu, kama mnavyojua, limepotea. Nitaandika habari ya filamu moja mbaya na kinanda kimoja kizuri, miaka ya hamsini, nilipokuwa kwenye gari la sinema la serikali kati ya Mbeya na Iringa. Nawaonya mapema: nimejaribu kuipanga habari hii iniletee jibu, imekataa.

Nilifika Mbeya kutoka Rungwe nikiwa na sanduku la mbao na Kiingereza changu cha shule. Nilijua kwamba nimeajiriwa kwenye sinema, nikadhani nitapewa kamera. Nilipewa ndoo ya maji na kamba. Aliyenipa alikuwa Mzee Salum, fundi mtambo na dereva wetu, mtu mwembamba mwenye kofia ya viua, mzaliwa wa Iringa ambaye wazee wake walitoka pwani na biashara zao wakakaa moja kwa moja.

"Ndoo ya nini, Mzee?"

"Ya pazia. Pazia kavu linapeperuka. Ukilimwagia maji kidogo linatulia. Unataka watu waone ng'ombe kwenye picha anatembea au anaogelea?"

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuwa kuweka jenereta mbali, hatua hamsini, upande ambao upepo unaelekea, ili mngurumo wake usimeze sauti ya msemaji. La tatu, kwa baridi ya Mbeya, lilikuwa kuiweka lenzi kwapani kwa robo saa kabla ya onyesho, maana ikitoka baridi kwenye sanduku inashika ukungu, na picha yote inakuwa kama imepigwa ndani ya chungu cha maharage. Nimefanya kazi na mitambo ya kila aina tangu hapo. Kwapa langu halijawahi kuharibika.

Kazi yangu hasa ilikuwa kusema. Filamu nyingi hazikuwa na sauti. Zilikuja na karatasi za maelezo kwa Kiingereza, nami nikishika kipaza sauti nilizisema kwa Kiswahili, na kwetu Rungwe kwa Kinyakyusa. Mahali ambapo lugha ilinishinda, tulimwomba mtu wa pale arudie maneno yangu kwa lugha yao. Wakati mwingine nilisema sentensi mbili, mwenzangu akasema kumi na watu wakacheka. Sikuwahi kujua niliwaambia nini.

Mzee Salum alinifundisha kuilisha filamu kwenye projekta. Alinishika vidole. "Polepole. Matundu yakae kwenye meno. Usiisukume. Ukisikia inalia kama panya, zima." Alinifundisha pia kukata kipande kilichochanika na kuunga kwa gundi, kupumua kando ili nisiipulizie vumbi, na kutoitazama filamu kila siku. "Ukiitazama kila siku utaanza kuipenda, na hapo hutajua tena ikiwa mbaya." Kwa filamu ninayotaka kuwaambia, hatari hiyo haikuwepo.

Ililetwa kwenye mkebe wa bati mwaka ambao ndui ilikuwa imesikika kusini kwetu, na Boma likaamuru watu wachanjwe kijiji kwa kijiji. Sisi tulitangulia jioni na filamu. Asubuhi Yohana, dresa wetu wa hospitali, aliweka meza yake na sindano. Yohana alikuwa Mbena mpole aliyepiga pasi kaptula yake kila siku, hata mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumtazama.

Nitawasimulia filamu yenyewe. Dakika tano za kwanza ni barabara. Hakuna gari, hakuna mtu, barabara tu. Kisha nyumba. Kisha mtoto wa kike, labda miaka minne, ana kitambaa cheusi shingoni, amelala. Uso wake unaonyeshwa karibu sana, umejaa malengelenge. Kisha watu wanachimba kaburi, mwanamke anashika kichwa. Kisha, bila sababu yoyote, bwana mmoja mwenye kofia anaandika mezani kwa muda mrefu. Kisha foleni ya watu wanaochanjwa, mzee mwenye fimbo mbele yao. Na pale kwenye foleni, akiwa amebebwa mgongoni, uso laini kabisa, anacheka: mtoto yule yule, na kitambaa cheusi shingoni.

Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kuona. Mzee Salum akairudisha filamu, akaweka kipande kile chini ya kioo cha kukuzia, akakitazama muda mrefu.

"Ndiye," akasema. "Wamechanganya."

"Karatasi zinasemaje?" aliuliza Yohana.

Karatasi hazikusema lolote. Kwenye karatasi, ukurasa wa tatu ulikuwa unahusu choo.

Tuliionyesha kwanza Ilula. Watu walikuja wengi, wakakaa chini, wakavumilia barabara. Mtoto alipougua walinyamaza. Alipozikwa walinung'unika. Alipotokea tena kwenye foleni anacheka, mtu mmoja nyuma alipaza sauti, "Huyo si tumemzika sasa hivi?" Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Nilijaribu kusema kwenye kipaza sauti. Nilisema nini? Hata mimi sikuelewa. Nikasema, "Chanjo ni nzuri sana." Wakazidi kucheka. Mzee mmoja alikuja kunipa mkono wakati tunafunga pazia, akasema kwa upole kabisa, "Ninyi mna uongo, lakini mmejitahidi."

Asubuhi mezani kwa Yohana walikuja wachache.

Tulirudi Iringa kutengeneza springi ya gari. Pale mjini alikuwepo Athumani, shemeji yake Mzee Salum, fundi cherehani aliyeshona kwenye baraza la duka moja karibu na soko. Harusi zote za mjini zilimjua kwa kinanda chake cha mikunjo, kile cha kuvuta na kusukuma. Alikuwa mtu mnene mwenye mikono midogo. Jioni ile Mzee Salum alikuwa anajaribu projekta kwenye ukuta wa nyumba yake, na filamu iliyokuwa karibu ilikuwa hiyo hiyo ya ndui. Athumani akaja kula, akaitazama yote huku anatafuna.

"Shemeji," akasema, "filamu yenu ni kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani."

"Twajua."

"Iweke tena."

Akaenda kwake kuchukua kinanda. Mzee Salum akaiweka tena. Barabara ilipoanza, Athumani akaanza kupiga wimbo wa taratibu, wa mtu anayetembea anarudi kwao. Ile barabara tupu niliyoichukia ikawa ina mtu, ingawa humwoni. Mtoto alipougua alibadili, akapiga kama bembelezo la kumlaza mtoto, chini sana. Kaburini alishika sauti moja tu, ndefu, akaiacha ikatike. Yule bwana wa kofia alimpigia kitu cha kuchekesha kidogo, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule bwana kama binadamu mwenye kazi nyingi. Kisha foleni. Kisha mtoto anacheka mgongoni. Na Athumani, bila kumtazama yeyote, akarudi kwenye ule wimbo wa barabarani.

Kosa la wale waliounga filamu lilikuwa limegeuka kusudi. Mtoto alikuwa njiani muda wote, sasa amefika. Mke wa Mzee Salum alikuwa mlangoni na mwiko, analia.

"Umefanyaje?" nikamwuliza Athumani.

"Nimefuata tu," akasema. "Mchuzi umebaki?"

Boma tuliuliza kama tunaweza kwenda na mpiga kinanda. Bwana aliyesimamia kazi yetu alipekua jalada akasema kwamba hakuna mahali muziki umeruhusiwa, wala hakuna mahali umekatazwa, kwa hiyo tusimwulize tena. Hilo kwa ofisi ile lilikuwa baraka.

Tukashuka Usangu, tambarare, njia ya kuelekea Madibira. Vumbi la kule linaingia hadi kwenye soli ya kiatu. Kijiji cha kwanza kilikuwa kikubwa, wakulima na wafuga ng'ombe, Wasangu wengi na Wahehe na Wabena kati yao. Jumbe wao alikuwa mzee mcheshi aliyetupokea kwa maziwa. "Kamwene," alitusalimu, na baada ya hapo akawa ndiye anayegeuza maneno yangu kwa lugha yao.

Mzee Salum alisali Magharibi, akaja akawasha jenereta. Athumani aliketi kwenye kiti cha kukunja kando ya pazia. Sitaeleza tena jinsi alivyopiga. Niseme tu kwamba nilipofika kwenye mtoto mgonjwa niliacha kusema, na Jumbe akaacha, na hakuna aliyetaka tuendelee. Mtoto aliporudi anacheka, hakuna aliyecheka. Wanawake upande wa kushoto walianza kuitikia wimbo kwa midomo iliyofungwa, na walikuwa hawajawahi kuusikia kabla ya siku hiyo. Mtu wa Ilula aliyeuliza swali lake angekuwa pale, nadhani naye angenyamaza.

Asubuhi foleni mbele ya meza ya Yohana ilizunguka mti wa mkutano na kupotea nyuma ya mazizi. Yohana alichanja mpaka kaptula yake ikajikunja. Mimi niliandika majina, nikajisikia mtu mkubwa. Nilikuwa natunga kichwani barua ya kwenda Boma.

Karibu na adhuhuri alifika mwanamke na watoto wawili, mmoja kamshika mkono, mmoja mgongoni. Aliwapitisha wengine mbele yake mpaka wakabaki wachache, kisha akaja kwangu, si kwa Yohana. Jumbe aliyekuwa karibu akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu Mama Yusta. Alizika binti mwaka jana. Ndui hii hii."

Alichuchumaa mbele ya meza yangu, kwa adabu, macho chini.

"Baba wa sinema, mimi nauliza neno moja."

"Uliza, mama."

"Ile mtoto ya kwenye shuka. Ile ya kitambaa. Ni mtoto moja, ama ni wawili?"

"Ni mmoja, mama."

Kisha akaniuliza swali ambalo sisi watu watatu wa sinema, na wale waliotengeneza filamu, na bwana wa Boma, hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Alicheka kwanza, ama alikufa kwanza?"

Nilitaka kusema kwamba ni picha tu, kwamba mtoto aliambiwa alale, akalala. Lakini yale malengelenge hayakuwa ya kupakwa. Yohana alishaniambia yale ni ndui ya kweli. Basi pengine mtoto alipona. Lakini mtu aliyepona ndui ile uso wake haubaki laini. Basi pengine wale wapiga picha walimpiga kwanza siku amebebwa, mzima, anacheka, na baadaye waliporudi wakamkuta hivyo. Wakachukua vyote viwili, na mtu mwingine mbali kabisa akaviunga vibaya. Haya yote yalinipita kichwani mwanamke akiwa amechuchumaa pale anangoja.

"Sijui, mama," nikasema.

"Wangu alicheka kwanza," akasema.

Yohana alikuwa ameacha kuchanja. Mwanamke akasimama, akamsogeza mtoto mkubwa kwa Yohana, akamfungua mkono. Nikajikuta namwuliza, kwa sababu nilitaka kusamehewa, "Mama, lakini umewaleta hawa. Filamu ilikusaidia kidogo?"

"Siyo filamu. Mimi toka nimzike sitoki nje jioni. Jana nikasikia kinanda. Nikatoka." Akamtazama mtoto anavyochanjwa, hakugeuza uso. "Halafu nikamwona yule amerudi. Nikakubali. Usiku wote nimekubali. Asubuhi nikaamka."

Akachukua watoto wake akaenda.

Jioni ile tukiwa tunafunga mizigo nilimwambia Athumani kwamba hatuwezi kuendelea hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilisema kwa ukali wa mtu wa miaka ishirini na minne. Nilisema tunawadanganya watu waliofiwa. Filamu mbaya inayochekwa haimdanganyi mtu, lakini hii sasa inadanganya kwa sababu yake yeye.

"Mimi nimedanganya?" Athumani aliuliza. "Mimi nimesema nini? Kinanda hakina neno."

"Ulipiga ule wimbo alipotokea. Ungepiga mwingine."

"Mtoto anacheka, nimpigie wa msiba?"

"Usingepiga kabisa."

Hakuwa mtu wa kukasirika, nadhani alinihurumia. "Bwana Ambakisye," akasema, "watu wangapi wamechanjwa leo?"

"Siyo hoja."

"Basi sijui hoja ni ipi. Nirudisheni Iringa, nguo za watu zinaningoja."

Mzee Salum alikuwa anafuta lenzi. Asubuhi alimpandisha Athumani kwenye lori la mpunga lililokuwa linapanda Iringa, akamfungia kinanda kwa turubai kwa mikono yake mwenyewe. Kisha sisi tukavuka mto kwenda kijiji cha pili.

Kijiji cha pili tulionyesha filamu bila kinanda. Nilisema maelezo yangu kwa uangalifu. Mtoto alipotokea tena nilisema wazi kwenye kipaza sauti kwamba hapa waliounga picha wamekosea, msimfuate huyu mtoto, fuateni foleni. Nilijivunia ukweli huo. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Aliyecheka zaidi alikuwa jumbe wa pale, mtu mrefu mwenye koti la jeshi. Wengine waliondoka kabla ya mwisho. Asubuhi walikuja wachache, wengi wao wazee, ambao wengine wao walishachanjwa zamani na walitaka tu kuongea na Yohana kuhusu magoti.

Nilimwambia Mzee Salum, "Angalau hatukudanganya."

"Hapana," akasema. "Hatukudanganya."

Wiki kadhaa baadaye tulikuwa upande wa Mbeya, kwenye uwanja kule Mwanjelwa, ambako siku hizo nyumba zilikuwa za kuhesabika, Yohana alipoletewa habari kwamba ndui imeingia tena Usangu. Tuliitwa turudi haraka, yeye na sindano zake, sisi na gari. Kijiji cha kwanza, cha Mama Yusta, kilikuwa salama. Waliougua walikuwa wageni wawili, na hawakumwambukiza mtu. Tukavuka mto.

Makaburi mapya yalikuwa kando ya njia unapoingia. Mengine yalikuwa mafupi. Sikuyahesabu, na hakuna aliyeniambia idadi, na nawashukuru.

Yohana alianza kazi bila hata kuteremsha meza. Safari hii hawakuhitaji filamu; walisimama wenyewe, mikono imefunguliwa. Jumbe mwenye koti la jeshi alikuja tulipoegesha. Alikuwa amenyoa nywele. Nilijua maana yake. Alitusalimia mmoja mmoja, akamwuliza Mzee Salum habari za safari, akamwuliza habari za nyumbani. Kisha akanigeukia.

"Ng'ambo kule," akasema, "watu wanasema mlikwenda na kinanda."

"Ndiyo, Jumbe."

"Mbona kwetu hamkuja na kinanda?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua, kama mtu anayeuliza kwa nini mvua ilinyesha kule na huku haikunyesha. Maneno niliyokuwa nayo yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kumwambia mtu aliyenyoa nywele. Mzee Salum akajibu badala yangu. "Mpigaji alikuwa na kazi Iringa." Huo ndio uongo pekee niliomsikia akiusema kwa miaka tuliyokuwa pamoja.

Wenzangu, nimepata nafasi ya kufikiri tangu siku hiyo. Kuna asubuhi naamka nikiwa na hakika kwamba ningemwacha Athumani apige, basi. Na kuna asubuhi namwona yule mwanamke amechuchumaa, na hakika inaondoka. Pia najiambia kwamba pengine hata kinanda kisingewaleta watu wa kijiji cha pili, vijiji havifanani. Halafu najiuliza kwa nini napenda sana kujiambia hivyo.

Tulirudi Iringa. Tulipofika Mzee Salum alitoa filamu ya ndui kwenye mkebe, akaweka taa, kioo, wembe na gundi mezani, akaniita.

"Ni mali ya serikali," nikasema.

"Mali ya serikali huchanika. Nishikie hapa."

Akakata mtoto anayecheka. Kipande chenyewe hakikufika urefu wa mikono yangu miwili nikiinyoosha. Akaunga foleni na foleni, akapuliza gundi, akakikunja kile kipande akaniwekea kiganjani. "Kitu kidogo," akasema. Sikujua anamaanisha nini, na sikuuliza.

Kisha akanituma barazani kwa Athumani, peke yangu. Nilimkuta anashona suruali ya shule. Nilimweleza kijiji cha pili. Aliacha cherehani ikajizungusha mpaka ikasimama. Nilimwambia tumekata, hakuna tena uongo, kwenye filamu sasa mtoto anakufa na hafufuki, na tunamwomba aje. Alifunika uso kwa kile kitambaa cha suruali kwa muda, kisha akauliza kitu cha kikazi kabisa.

"Mmekata mahali gani? Kabla ya yule mzee mwenye fimbo au baada yake?"

"Baada."

"Basi bado najua njia," akasema, akainuka.

Kijiji cha kwanza tulirudi kwa sababu wachungaji waliokuwa mbali na ng'ombe siku ile walikuwa wamerudi, na Yohana alitaka awachanje. Watu waliposikia gari, walikuja wote, waliochanjwa na wasiochanjwa. Walikuwa wanaikumbuka filamu ile kuliko mimi. Walikaa palepale walipokuwa wamekaa mara ya kwanza. Nilimwona Mama Yusta mbele upande wa kushoto, watoto wake wawili mapajani, makovu ya chanjo yameshakauka mikononi mwao.

Giza lilikuwa linaingia. Barabara ikapita, na kinanda kikatembea juu yake. Nyumba. Mtoto. Kaburi. Bwana wa kofia. Watu walikuwa wanajua kinachofuata, wakaanza kujisogeza. Foleni ikaja. Yule mzee mwenye fimbo akapita. Na pale tulipokata, Athumani, ambaye nilidhani atanyamaza au atapiga kingine, akaingia kwenye wimbo wa barabarani, uleule, kama mara ya kwanza.

Mtoto hakutokea. Ilikuwa mikono tu, na sindano, na mikono mingine.

Watu wakasimama. Kwanza vijana, kisha karibu uwanja wote. Walinigeukia mimi na projekta. "Yuko wapi?" walipiga kelele, kwa Kiswahili na kwa lugha zao. "Mmempeleka wapi mtoto?" Mzee Salum akaweka mkono kwenye swichi, akanitazama anangoja nimwambie azime. Athumani alikuwa anapiga, macho amefumba.

Ndipo Mama Yusta, aliyekuwa bado ameketi, akasema kitu kwa lugha yake. Hakukisema kwa nguvu, lakini wale wa mbele walikisikia, wakatazamana, wakaanza kukaa. Wa nyuma yao wakakaa. Neno lake likatembea hivyo hadi mwisho wa uwanja.

Niliinama kwa Jumbe. "Anasemaje?"

Jumbe alikuwa anamtazama yule mama, na mama anatazama pazia, uso umeinuka, kichwa kinafuata wimbo kidogo.

"Anasema wakae," Jumbe akasema. "Anasema wanamzibia, hamwoni mtoto."